Bakuli la pembe nne linalosimama kwa ncha zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karakana yangu iko nyuma ya nyumba, hapa Muheza, na nakereza, yaani nachonga mbao inayozunguka kwenye mashine, jioni na siku za mapumziko kwa sababu naipenda kazi yenyewe. Kila anayeliona bakuli hili rafuni huligeuza chini juu, halafu huanza kuuliza. Hapa nimeyaweka maswali ninayoulizwa zaidi, na majibu kama ninavyoyajua baada ya kukereza mengi, mengine yakiwa yamevunjika.

Bakuli lenyewe likoje?

Chukua kipande cha mbao cha mraba, sentimeta 20 kwa 20, unene sentimeta 6. Kifunge kwenye mashine ya kukereza pamoja na pembe zake zote nne, usizikate. Katikati panatoka bakuli la duara la kawaida. Pembeni yanabaki mabawa manne yanayoteremka kwenda nje mpaka ncha zake ziguse meza. Kitako cha bakuli hakigusi kitu, kinaning'inia milimeta 5 hivi juu ya meza. Ukiinama ukalitazama kwa ubavu unaona matao manne, tao moja kila upande, kama matao ya baraza za nyumba za mawe za pwani.

Matao hayo umeyachonga kwa mkono?

Hapana, na hilo ndilo lililonifanya nilipende umbo hili. Kutoka katikati ya kipande hadi katikati ya upande ni sentimeta 10. Kutoka katikati hadi kwenye pembe ni sentimeta 14.1. Sasa, kila unachokereza kinazunguka katikati, kwa hiyo ukitengeneza mteremko mmoja chini ya bawa, pembe iliyo mbali inashuka zaidi na upande ulio karibu unabaki juu. Zile sentimeta 4.1 za tofauti, kwenye mteremko wa nyuzi 30, zinakupa tao lenye kimo cha karibu sentimeta 2 na nusu. Wewe umekata mteremko tu, tao limejitokeza lenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo ncha nne zinagusa meza kwa pamoja bila kupimwa: zote ziko umbali mmoja kutoka katikati, kwa hiyo zote ziko kimo kimoja. Bakuli halichezi. Ila hapo pana sharti, nalo ni mraba kamili, nitalieleza chini.

Sijawahi kukereza bakuli. Nianze na hili?

Usianze na hili. Kereza mabakuli ya duara kwanza, kama kumi hivi, mpaka mkono wako ujue jinsi patasi inavyotulia juu ya mbao. Kwenye duara, mbao ipo wakati wote chini ya makali. Kwenye mraba, mbao ipo na haipo, na mkono usiozoea unashtuka.

Fundi, mashine yangu ni ndogo. Itatosha?

Usipime upande wa kipande, pima mshazari wake, yaani kutoka pembe hadi pembe iliyo mkabala. Kipande cha sentimeta 20 kina mshazari wa sentimeta 28.3, na nusu yake ni 14.1. Sasa pima kwenye mashine, kutoka katikati ya mhimili hadi reli za chini. Ukipata pungufu ya sentimeta 15, shuka kwenye kipande cha 18 kwa 18, ambacho nusu ya mshazari wake ni 12.7. Usibane sana hesabu. Pembe inayopita milimeta mbili juu ya reli itakuja kugusa siku kipande kikilegea kidogo.

Mashine nyingi za mafundi wetu wa mitaani zimeundwa kwa kazi ya nguzo: miguu ya vitanda, vijiti vya ngazi, viguzo vya viti. Mbao inashikwa kwa ncha mbili, moja kila upande, na hakuna mahali pa kufunga sahani ya chuma ya kushikia bakuli. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa hiyo. Tuliinua vichwa vyote viwili vinavyoshika mbao, cha mbele chenye mhimili na cha nyuma, kwa chaneli za chuma, tukabadilisha mhimili tukaweka wenye hesi ya kufungia sahani, tukaweka na beringi nene zaidi, maana bakuli linasukuma mhimili kwa namna ambayo mguu wa kitanda hausukumi. Puli nayo ni hesabu: mota ya kawaida ya mizunguko kama 1,420 kwa dakika, puli ya sentimeta 7 kwenye mota na ya 12.5 kwenye mhimili, unapata karibu mizunguko 800. Huo ndio mwendo wa juu ninaoutumia kwa bakuli hili.

Kwa nini 800? Si taratibu zaidi ndiyo salama zaidi?

Ukienda taratibu mno, patasi inapata muda wa kuzama kwenye pengo kati ya pembe na pembe, halafu pembe inayofuata inaigonga. Ndiyo maana mwendo ukiwa mdogo unasikia tak-tak-tak na mkono unatetemeka. Ukiongeza mwendo, mapengo yanakuwa mafupi na makali yanatulia.

Lakini kuna kikomo. Kwenye mizunguko 800, pembe za kipande cha sentimeta 20 zinakwenda karibu kilometa 43 kwa saa, na pembe inapita mbele ya mkono wako mara 53 kila sekunde. Pikipiki inayokwenda kasi hiyo huwezi kuizuia kwa kidole. Mimi huanza chini ya 500 wakati kipande bado kizito, napanda 600, na 800 naifikia tu wakati wa mapito ya mwisho. Kama mashine inatikisika, punguza, hata kama umesoma popote kwamba mwendo huo unafaa.

Nitaionaje pembe inayozunguka?

Huioni. Unachokiona ni kivuli chake, na kazi yote ya bakuli hili ni kujifunza kusoma kivuli.

Mashine ikishawaka, katikati ya kipande inaonekana wazi, mbao thabiti. Kuanzia sentimeta 10 kwenda nje kuna ukungu mwembamba wenye rangi ya mbao. Ukungu huo ni pembe nne zikipita. Juu yake kuna mstari hafifu, na mstari huo ndio umbo la bawa. Unapokata, usitazame ncha ya patasi, inua macho uutazame mstari ule upande wa juu wa kipande, utauona ukibadilika kadiri makali yanavyosogea. Nyuma ya mashine nimetundika kitambaa cheusi kwa ajili hiyo, na taa moja kali nimeiweka upande wa kushoto ili iupige ukungu kutoka pembeni. Kwa mbao nyeusi kama mpingo nabadilisha kitambaa, naweka cheupe. Bila kitambaa, ukuta wenye misumari na vifaa unaumeza mstari wote.

Jambo lingine kuhusu taa. Tyubu za zamani kwenye umeme wetu wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde. Mizunguko 750 kwa dakika inapitisha pembe mara 50 kwa sekunde, na hesabu hizo mbili zikioana pembe zinaonekana kana kwamba zimesimama au zinatambaa polepole. Macho yanakuambia mashine inakaribia kusimama, kumbe iko kwenye mwendo kamili. Nimeondoa tyubu karakana nzima, na ukifanya jambo moja tu kati ya yote niliyoandika hapa, fanya hilo.

Nitumie mti gani?

Kwa jaribio la kwanza tumia mwembe. Unapatikana kila mahali, ni laini kiasi, nyuzi zake zinakatika vizuri, na gogo likilala nje majuma kadhaa kuvu huchora mistari myeusi inayopendeza sana. Ubaya wake ni wadudu watobozi, kwa hiyo likate na kulikausha mapema, usiliache mpaka likawa unga.

Mfenesi ndio mti ninaoupenda mwenyewe. Unapoufungua ni wa njano inayong'aa kama kiini cha yai, na maranda yake yakijaa sakafuni karakana nzima inang'aa. Miezi ikipita rangi hiyo inageuka kahawia ya dhahabu, kwa hiyo mwambie unayempa zawadi asije akadhani umembadilishia. Utomvu wake unanata kwenye makali. Futa patasi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kila baada ya muda.

Huku kwetu msaji upo kwa sababu ya shamba la miti la Longuza, na vipande vya mabaki huwa vinapatikana kwa mafundi wa milango. Unakaa vizuri bila kujipinda, na hilo kwa mabawa membamba ni faida kubwa. Ila una chembechembe za silika ndani yake, zinakula makali kama mchanga. Utanoa mara mbili au tatu kwa bakuli moja.

Mninga na mkongo ni mizuri, lakini gharama yake ni ya kuanzia bakuli la tano, sio la kwanza. Mvule unakerezeka vizuri, ila vumbi lake linawasha pua na vifua vya watu wengi. Mgrevilea, ambao Kilimanjaro na Kenya ya kati upo kwenye kila shamba la kahawa, una mistari ya kupendeza kama lesi, lakini kuna ngozi zinazotoka vipele kwa utomvu na vumbi lake. Jaribu kidogo kwanza.

Watu huniuliza sana kuhusu mpingo. Mpingo ni mzito kiasi kwamba unazama majini, na miti yake mingi imepinda na ina nyufa, kupata mraba safi wa sentimeta 20 ni bahati ya kusimulia. Tena umo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017, kwa hiyo kabla ya kusafirisha bakuli la mpingo nje ya nchi uliza kwanza kuhusu vibali. Mimi natumia vipande vidogo vilivyobaki kwa wachongaji, nachomeka kimoja katikati ya bakuli kama jicho, basi.

Mbao iwe kavu kiasi gani?

Kavu kabisa. Bakuli la duara la mbao mbichi likijipinda linapata umbo la yai na watu wanalisifu. Hili likijipinda, ncha moja inainuka na bakuli linacheza mezani maisha yake yote. Mbao ya unene wa sentimeta 6 ikikaa kivulini penye upepo inahitaji zaidi ya miaka miwili. Paka nta kwenye miisho yake ili isipasuke. Usipoweza kusubiri, nunua kipande kilichotoka kwenye boriti au mguu wa meza kuukuu. Nimepata mfenesi mzuri kuliko yote kwenye fremu ya mlango uliong'olewa.

Na kumbuka hewa ya Tanga ina unyevu. Bakuli lililotulia hapa likipelekwa Dodoma litasinyaa kidogo. Acha mabawa yawe na unene wa milimeta 6 kama unajua litasafiri.

Mraba uwe kamili kiasi gani?

Hili ndilo sharti nililosema. Pima mishazari miwili, inatakiwa ilingane ndani ya milimeta moja. Chora mishazari hiyo kwa penseli yenye ncha kali, na pale inapokatana ndipo katikati yako. Ukikosea katikati kwa milimeta 3 kuelekea pembe moja, pembe ya pili iliyo mkabala inakuwa mbali zaidi, na kwenye mteremko wa nyuzi 30 kosa hilo linageuka karibu milimeta 2 za kimo kwa kila ncha, moja juu na nyingine chini. Bakuli litasimama limeinama upande mmoja. Randa pande zote nne baada ya msumeno, maana pande hizi ndizo zitakazoonekana daima. Mashine haizigusi tena.

Nielekeze hatua zenyewe.

Funga sahani ya chuma kwa skrubu nne upande utakaokuwa juu ya bakuli, mahali patakapochimbwa baadaye, ili matundu ya skrubu yapotee. Hakikisha skrubu haziendi chini kuliko kina cha bakuli. Leta kichwa cha nyuma kiibane mbao. Zungusha kwa mkono duara moja zima kabla ya kuwasha umeme, uone kama pembe zote nne zinapita mbele ya kiegemeo cha patasi. Rudia hivyo kila unaposogeza kiegemeo. Kila mara.

Sasa unakereza upande wa chini. Karibu na katikati acha duara la kushikia, kipenyo kinacholingana na taya za chaki yako (kile kibanio cha chuma kinachofungwa kwenye mhimili), kimo milimeta 6 hivi. Mimi nalifanya liwe na upana wa sentimeta 5. Kisha chimba bonde kati ya duara hilo na pembe. Kutoka pembeni unakata kuingia ndani, mapito membamba, na kutoka kwenye duara unakata kuja nje kufuata ukuta wa bakuli, mapito mawili yakutane chini ya bonde. Hapo umetengeneza mambo mawili kwa pamoja: ukuta wa nje wa bakuli na upande wa chini wa mabawa. Maliza kabisa upande huu, hata msasa wake, kwa sababu hutaurudia.

Geuza. Shika lile duara kwa chaki ya taya nne, rudisha kichwa cha nyuma kibane kutoka mbele. Sasa mabawa kutoka juu. Mimi naanzia ukingoni kwenda ndani, unene wa maranda kama ganda la kitunguu, nasimamisha mashine kila baada ya mapito mawili au matatu, napima unene kwa kalipa, kifaa chenye taya mbili za kupimia. Ikifika milimeta 6, napitisha makali mara ya mwisho, mara moja tu, taratibu, na patasi imetoka kunolewa muda huohuo.

Mabawa yakishakamilika ndipo unachimba bakuli la katikati. Na baada ya kuanza kuchimba, usirudi kwenye mabawa hata kama unaona mstari usiokupendeza. Mbao nene ya katikati ndiyo iliyokuwa inayashikilia. Ukiiondoa, mabawa yanaanza kutetemeka kama ngozi ya ngoma, na makali yakigusa yanakamatwa. Bakuli langu la pili, la msaji, liliondoka hivyo: nilikuwa nimebakiza kazi ya nusu saa, nikaona kimstari karibu na ukingo, nikarudi kukiondoa. Bawa zima lilivunjika na kupiga ukuta wa mabati nyuma yangu. Alama ya mbonyeo ipo mpaka leo, sijainyoosha, na mtoto wa dada yangu anayejifunza kwangu humwonyesha kila mgeni.

Mwisho ni kuondoa lile duara la kushikia. Tengeneza kibonge cha mbao cha duara kinachoingia ndani ya bakuli, kifunike kwa ngozi au kitambaa kinene, kisukume bakuli juu yake kwa kichwa cha nyuma. Mwendo usizidi 500. Kereza duara mpaka kibaki kidole kidogo katikati, zima mashine, kikate kwa patasi ya mkono na upige msasa.

Patasi gani?

Patasi bobari ya mabakuli, ile yenye mfereji mzito, upana wa milimeta 10 au 12, inatosha kwa kazi yote. Mafundi wetu wengi hutengeneza patasi kutokana na tupa kuukuu. Kwa kazi ya nguzo wameishi nazo, lakini kwenye bakuli la pembe sikushauri, kwa sababu chuma cha tupa ni kigumu na chepesi kuvunjika, na hapa patasi inagongwa mara 53 kwa sekunde.

Kuhusu kunoa, nina kipimo kimoja. Simamisha makali juu ya ukucha wa dole gumba: yakiteleza, hayajafika, yakikamata papo hapo bila kusukumwa, ingia kazini.

Kingo za mabawa zinamegeka upande mmoja. Nifanyeje?

Zinamegeka upande ambao makali yanatokea, kwa sababu nyuma ya nyuzi pale hakuna mbao ya kuzizuia. Kwanza noa. Pili, punguza unene wa maranda. Kama bado, gundisha vipande vya mbao za bure kwenye pande zote nne, katikati ya mbao na mbao ukiweka karatasi. Sasa makali yakitoka kwenye bawa yanaingia kwenye mbao ya bure, na hiyo ndiyo inayomegeka. Ukimaliza, chomeka kisu kwenye karatasi, vipande vinaachia. Mshazari wako utaongezeka, kwa hiyo upime tena dhidi ya reli kabla ya kufunga, na gundi iachwe siku nzima kabla ya kuwasha mashine. Kwa mbao yenye nyuzi za kupishana kama mninga mimi nafanya hivi kila mara.

Naweza kupiga msasa mashine ikiwa inazunguka?

Ndani ya bakuli, ndiyo, kwa uangalifu. Kwenye mabawa, hapana, kamwe. Msasa wa mabawa ni wa mkono, mashine imezimwa, na karatasi imezungushiwa kibao bapa ili kingo zibaki kali. Vidole vikitumika peke yake kingo zinakuwa za mviringo na bakuli zima linaonekana limechoka. Anza na namba 120, kisha 180, 240, 320. Kwa patasi kali unaweza kuanzia 180.

Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Ondoa patasi kwenye mbao kwanza, halafu zima swichi, halafu ndipo ulalamike. Ukisahau kuzima, umeme utarudi wakati umeinama unapima kwa kalipa. Kuna swichi za sumaku ambazo zikikosa umeme zinajizima na hazijiwashi zenyewe. Mwombe fundi umeme akufungie hiyo. Mimi niliifunga kabla sijanunua chaki, na ndivyo ningemshauri ndugu yangu.

Nivae nini?

Ngao ya uso mzima. Miwani peke yake haitoshi, kipande cha bawa kinaweza kuvunja taya. Mikono mifupi au iliyobana. Kanzu, ushungi unaoning'inia, khanga, tai, pete na saa vibaki nje ya karakana. Dada anayefunika kichwa afunge kilemba na kuingiza miisho yote ndani. Glovu hapana, maana pembe ikikamata kitambaa inavuta na mkono uliomo. Unapowasha, simama pembeni, nje ya mstari wa mzunguko.

Barakoa ya vumbi ni lazima hata kama unapiga msasa kwa dakika tano. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1995. Wazee wetu wengi wa useremala wamekohoa miaka mingi na tukasema ni moshi wa sigara.

Nipake mafuta gani?

Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mapito matatu membamba, siku moja katikati, halafu nta ya nyuki. Nta inayeyuka kwenye joto la nyuzi 63 hivi, iyeyushe kwenye bakuli lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiiweke motoni moja kwa moja. Mafuta ya nazi hayafai kwa bakuli la rafuni kwa sababu hayakauki, yanabaki yananata, yanakusanya vumbi na baadaye yanatoa harufu.

Matambara ya mafuta ya kitani usiyakunje ukayatupa pipani. Yanapokauka yanatoa joto, na yakirundikwa pamoja yanaweza kuwaka yenyewe. Yaanike kwenye kamba nje, yakikauka yakawa magumu ndipo uyatupe.

Linafaa kuwekewa chakula?

Karanga, peremende, tasbihi, funguo. Mchuzi hapana. Lilikusudiwa kutazamwa.

Bawa moja limevunjika. Nitupe?

Usitupe. Kereza mabawa yote mpaka duara, utapata bakuli la kawaida lenye ukingo mpana. Kama limevunjika safi na kipande umekiokota, gundi ya mbao na siku mbili za kubanwa inashika, lakini usilirudishe kwenye mashine tena. Lililobaki limalize kwa mkono.

Baada ya hili nijaribu nini?

Mabawa yanayopanda badala ya kushuka ni rahisi zaidi, kwa sababu bonde la chini halipo, ila bakuli linasimama kwa kitako na unapoteza matao. Pembetatu inawezekana, nayo haichezi hata mbao ikijipinda, kwa kuwa ncha tatu hutulia popote kama mafiga. Lakini katikati ya pembetatu ni lazima uipate sawasawa, na mapengo yake ni mapana. Mstatili nimeujaribu mara mbili, na ncha zinagusa meza vizuri. Matao yake yanakuwa ya vimo viwili, pande ndefu yakipanda juu zaidi kuliko pande fupi, kwa sababu katikati ya upande mrefu ndiko karibu zaidi na mhimili. Wa kwangu mzuri zaidi ni wa mwembe, 24 kwa 16, na huo siuuzi.

Nimechoma kingo za mabawa kwa tochi ya gesi pia, nikasugua masizi kwa brashi ya waya laini. Kwenye mfenesi mstari mweusi unaopita juu ya tao la njano unapendeza sana. Kwenye msaji haukunifurahisha.

Ufundi huu ni wa Wazungu?

Kukereza ni neno letu la zamani, na kerezo pia. Mafundi wa Lamu na Zanzibar walikereza miguu ya vitanda na viti kabla mota haijafika huku. Kerezo la zamani linazungushwa kwa uta, kamba yake imepigwa mzunguko mmoja kwenye mti wenyewe, linakwenda mbele na kurudi nyuma. Kukereza bakuli la pambo kwa kujifurahisha jioni ndiko kuliko na vyama vikubwa huko nje: cha Marekani kiliundwa 1986, cha Uingereza 1987. Mabawa ya mraba yanakerezwa huko sana. Matao ninayoyaona mimi kwenye umbo hili, nimeyaona kwanza Pangani.

Inachukua muda gani?

La kwanza, siku mbili za mapumziko. Sasa natumia saa tano hivi bila kuhesabu mafuta, na karibu saa mbili kati ya hizo ni mabawa ya juu.

Ncha zinakwaruza meza ya kioo.

Pitisha msasa namba 320 mara mbili chini ya kila ncha, zote nne sawasawa, halafu gundisha duara dogo la ngozi, lisizidi ukubwa wa punje ya hindi. Ngozi ya ndala kuukuu za Kimasai inafaa kabisa.